Mtoto Yupi, Jamani?

Tunaambiwa askari aliyetoka mafunzoni juzi aanze na bima ya elimu ya mtoto, eti ni kinga na akiba kwa pamoja. Mtoto yupi? Kijana wa Kiganjo mwenye kazi kambini Thika hana hata mchumba. Ana mama anayemtegemea. Na hiyo akiba ndiyo hoja mbovu kuliko zote: akishindwa kulipa mwaka wa pili, aghalabu harudishiwi hata shilingi. Na kama ana pikipiki, bima yake ya lazima humfidia aliyegongwa, si yeye dereva. Achukue bima ya ajali na ya maisha ya muda maalumu, mrithi awe mama. Lakini kwanza asome kifungu cha vita: majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, na bima nyingi hazilipi kifo cha vitani.