Matusi hayajawahi kumtoa mtu kwenye sapilo

GOMA – Katika mitaa ya Goma, katika vijiji vya Masisi na Rutshuru ambako familia nyingi zilirudi kutoka kambini, na hata kule Bukavu, kuna neno linalosemwa haraka pale mtu aliyekuwa ameacha pombe anapoonekana tena na chupa mkononi: "Tulijua tu." Linasemwa na jirani, linasemwa na shemeji, linasemwa na mzee wa kanisa. Linasemwa kwa sauti kubwa, mbele ya watoto wa mtu huyo. Na wote wanaolisema wanaamini kwamba wanamtia haya ili aache.

Wanajidanganya. Haya anayo tayari, tena nyingi kupita kiasi. Mtu aliyekaa miezi minne bila kugusa kanyanga, kisha akaanguka siku moja, ndiye wa kwanza kujitukana. Kabla jirani hajaamka, yeye ameshajiambia maneno mabaya kuliko yale ambayo jirani atamwambia. Akiongezewa mengine kutoka nje, anatafuta kitu cha kuzima sauti hiyo kichwani, na kitu anachokijua ni kimoja. Kinauzwa pale kwenye kona, kwa bei ndogo kuliko sahani ya maharagi. Kwa hiyo anayemtukana asubuhi asishangae kumkuta amelewa jioni. Amemsukuma mwenyewe.

Wengi wanasahau pia jinsi pombe hiyo ilivyoingia nyumbani. Tangu mwaka 2022 vita vilijaza watu Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo. Baba aliyekuwa na shamba na ng'ombe, aliyelisha watu kumi, akajikuta amepanga mstari na kikombe mkononi akingojea kulishwa. Kijana aliyekuwa karibu kumaliza masomo akapoteza mwaka, kisha mwingine. Januari 2025 vita viliingia Goma kwenyewe, na Februari kambi zile zikabaki tupu. Familia zikarudi kwao na kukuta nyumba isiyo na paa na shamba lililogeuka pori. Nyingine zikabaki mjini kwa ndugu, watu wanane katika chumba kimoja. Katika maisha ya namna hiyo sapilo inafanya kazi mbili: inalaza njaa na inalaza mawazo. Vita vimekwisha kumwambia mtu huyo kwamba yeye si kitu. Familia inayomwambia "wewe si kitu" inarudia tu maneno ya vita.

Wapo watakaojibu kwamba hii ni kumtetea mlevi, kwamba angetaka kweli angeacha, kwamba mwanaume ni kujikaza. Hao waangalie namna wanavyowatendea wagonjwa wengine. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu utegemezi wa pombe kati ya magonjwa. Watafiti wa Marekani wanaofuata watu waliotibiwa kwa ulevi na madawa ya kulevya wanaona kwamba kati ya 40 na 60 kwa mia hurudia wakati fulani, na kwamba hesabu hiyo haiko mbali na ile ya wagonjwa wa tensheni au pumu wanaoshindwa kufuata matibabu yao. Mama mwenye tensheni akiacha vidonge na kurudia chumvi hadi damu ikapanda, hakuna anayemwita mpumbavu mbele ya wajukuu. Anapelekwa kwa muganga, anapimwa, anaanza upya. Kwa nini mwenye ugonjwa wa pombe afukuzwe nje na godoro lake?

Na hapa vyumba vya maombi navyo vina la kujibu. Katika vingi, mtu akimaliza wiki mbili bila pombe anasimamishwa mbele ya waumini atoe ushuhuda. Watu wanapiga makofi, wanaimba, jina lake linazunguka mtaa mzima. Hajapona bado, lakini amekwisha kufanywa mfano. Siku akianguka, anatolewa kwenye kwaya, na wale waliompigia makofi wanapita upande mwingine wa njia. Ushuhuda ulikuwa wa nani basi, wake au wa kanisa? Afadhali wamwache akae kimya nyuma, na watu wawili watatu wamtembelee nyumbani kila juma bila kipaza sauti.

Lililo baya zaidi ni kumfungia. Wapo wanaomfunga mlevi ndani ya chumba, hata kwa kamba, wanamfungisha chakula siku tatu na kusema pepo anatoka. Kila familia ijue jambo hili, maana linaua. Mtu aliyekuwa anakunywa sana kila siku, akikatishwa pombe ghafula, mwili unaweza kugeuka. Katika saa za kwanza anatetemeka, anatoka jasho, moyo unaenda mbio. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kufika siku ya tatu anaweza kuona vitu visivyokuwepo, kupiga kelele, kutomjua mke wake. Hilo si pepo. Ni mwili uliozoea pombe na sasa umeikosa, na bila matibabu mtu anaweza kufa. Kumnyima chakula kunaongeza hatari, kwa sababu mlevi wa muda mrefu mara nyingi amekwisha kupungukiwa vitamini, hasa B1. Maombi hayakatazwi na mtu yeyote. Lakini yaende pamoja na maji, chakula na hospitali.

Kuna hatari nyingine inayosahaulika usiku ule wa kwanza wa kuanguka. Baada ya miezi bila pombe, mwili hauna tena mazoea ya zamani. Kipimo alichokuwa anakimudu mwaka jana kinaweza kumwua leo. Anayemfungia mlango "akalale nje ajifunze" anaweza kuamka na kukuta maiti. Aingizwe ndani, alazwe kwa ubavu, si kwa mgongo, ili akitapika asisongwe na matapiko, na mtu mzima akae karibu. Akipumua polepole sana, au akiitwa na kutikiswa haamki, apelekwe hospitali usiku huohuo. Maneno yatasubiri asubuhi.

Asubuhi hiyo, swali la kwanza liwe "Umekula?" kabla ya "Ulikunywa na nani?" Akishakula na akili kutulia, ndipo aulizwe bila hasira ni nini kilitokea. Mara nyingi kuna mlango uliofunguka: siku ya kulipwa, matanga ambako kasiksi ilizunguka, rafiki wa zamani aliyetoka mbali, habari kwamba shamba limechukuliwa na mwingine. Mlango ukijulikana, unaweza kulindwa mara ijayo. Na ahesabiwe siku zake kwa haki. Miezi minne aliyokaa bila pombe ilikuwa kweli, watoto waliiona. Siku moja ya kuanguka haifuti siku 120 za kusimama.

Apewe pia kazi yenye uzito, hata ndogo: kumsindikiza mtoto shuleni, kuziba paa linalovuja, kuchota maji. Mtu anayejiona bure haponyeshwi kwa hotuba ya masaa mawili. Anaanza kujiona mtu pale anapoona kuna jambo nyumbani ambalo lingeharibika bila yeye. Na aitwe kwa jina lake, au baba wa fulani kama zamani. Mtoto anayesikia baba yake akiitwa "ule mulevi" kila siku anajifunza kumdharau, na baba anajua.

Kusaidia hakuna maana ya kukubali yote. Pesa zisiwekwe mkononi mwake katika siku hizo; anunuliwe chakula, na minerval ya watoto ipelekwe shuleni moja kwa moja. Mke asiende kudanganya kazini kwamba mume ana malaria. Na akipiga, mke na watoto wana haki ya kuondoka siku hiyohiyo kwenda mahali salama, bila mzee wa familia kuwarudisha kwa nguvu eti "vumilia, ni pombe". Ugonjwa unaeleza mambo mengi, lakini mke hakuolewa ili apigwe. Kumkatalia mtu pesa na kipigo kunawezekana bila kumtukana.

Wanawake wanaokunywa wako katika hali ngumu zaidi, kwa sababu mtaa unawatukana mara mbili: kama walevi na kama mama wabaya. Ndiyo sababu wanajificha, wanakunywa ndani mlango ukiwa umefungwa, na familia inagundua mwili ukiwa umekwisha kuharibika. Dada akigunduliwa hivyo, atendewe kama kaka yake angetendewa, na apelekwe kutibiwa mapema.

Wauzaji nao wasijifiche. Inajulikana kwamba mama wengi waliokimbia vita wanapika kanyanga ili watoto wao wale na wasome. Hakuna anayewaomba wafe njaa. Lakini muuzaji wa mtaani anawajua wateja wake kwa majina, na anajua vizuri nani alikuwa ameacha. Kumwambia mtu mmoja "kwangu hapana, rudi nyumbani" hakufungi biashara.

Likitoka mdomoni neno kama "afadhali nife", hapo hakuna mzaha tena. Aulizwe waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake, dawa za shamba na kamba ziondolewe karibu, apelekwe kwenye kituo cha afya. Katika vituo kadhaa kuna wasaidizi wa kisaikolojia wanaoitwa APS, na familia ina haki ya kuwaulizia. Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, nyumba za matibabu ya akili zilizoanzishwa na watawa wa Frères de la Charité. Wengi wanaziogopa kwa sababu mtaa unaziita nyumba za wenda wazimu. Jina hilo linawafanya watu wafie nyumbani wakati mlango wa matibabu uko katika mji huohuo.

Viongozi na mashirika wanaohesabu mifuko ya unga na vipande vya turubai wahesabu pia hao waliolemewa kichwani, kwa sababu familia peke yake haiwezi kubeba yote. Lakini familia isisubiri viongozi ili iache matusi. Hilo halihitaji msaada wa nje wala saini ya ofisi. Linaweza kuanza jioni ya leo, katika nyumba ambayo kuna mtu amelala uso kwenye ukuta, anaona haya kuomba hata maji ya kunywa.