Kila Kurudi Nyuma Kuna Jina Lake



Juma hili tuyatazame maneno machache ya Kiingereza ambayo huingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi. Huja katika barua za hospitali, ripoti za skuli na taarifa za benki. Kijana wa nyumba akiulizwa maana yake, aghalabu huyafasiri yote kwa kauli moja: "amerudi nyuma". Wazee hushusha pumzi, akina mama hufuta machozi, na maneno huishia hapo. Lakini kila neno katika hayo lina njia yake ya kurudi nyuma, na asiyeijua njia aliyorudia mtu atapata tabu kumrejesha.

Tuanze na "decline", kwa kuwa ndilo lenye mtego. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya mwanzo ni kupinda na kuuacha mstari. Katika Kiingereza cha leo limetoa matawi mawili: kushuka au kudhoofika, na kukataa kwa adabu. Daktari akiandika kwamba kumbukumbu za bibi zina "decline", amekusudia kuwa zinafifia. Akiandika kwamba bibi "declined" kulazwa, amekusudia kuwa bibi amekataa. Alama ya kutofautisha ni nyepesi: neno likifuatwa na jambo alilopewa mtu, kama vile dawa, upasuaji au kulazwa, basi ni kukataa. Benki nayo ikitumia neno hilo juu ya ombi la mkopo, maana yake ni kuwa ombi limekataliwa.

Msidhani hili ni jambo dogo. Karatasi ya hospitali ni ushahidi. Huenda mzee aliulizwa kwa lugha asiyoifahamu, akatikisa kichwa kwa uchovu, ikaandikwa kuwa amekataa matibabu. Watu wa nyumbani wakisoma kuwa hali yake imeshuka, watangoja dawa ambayo haitakuja, na hospitali itaamini kuwa ndivyo alivyotaka mwenyewe. Basi mkiliona neno hilo, mrudieni daktari siku hiyo hiyo, mumuulize: ni nani aliyekataa, na alikataa nini?

La pili ni "relapse", nalo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuteleza. Hutumika kwa maradhi yaliyotulia kisha yakarejea, na kwa kijana aliyeacha unga kisha akaurudia. Zamani huko Ulaya neno hili liliweza kuwa hukumu ya mauti: Joan of Arc alichomwa moto mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 1431, baada ya mahakama ya kanisa kumhesabu kuwa ameurudia uasi aliokwisha kuukana. Leo matabibu wamelivua ukali huo. Kwao ni jambo lijulikanalo katika safari ya kupona, lenye kuhitaji matibabu kuangaliwa upya. Wazee wetu walisema kuteleza si kuanguka. Kijana wetu akirudia, nasi tukamfungia mlango kwa kudhani kuwa kazi yote imepotea, tutakuwa tumemhukumu kwa maana ya mwaka 1431. Tena wakati huo ndio wa hatari kubwa kwake, kwa kuwa mwili uliokwisha kuyazoea maisha bila ya unga hauwezi tena kuhimili kiasi cha zamani, na wengi hufa kwa sababu hiyo.

La tatu ni "regress", yaani kupiga hatua za nyuma. Hili husemwa sana juu ya watoto. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huweza kuanza tena akizaliwa mdogo wake. Aghalabu hilo hupita kwa upole na subira. Lakini mtoto aliyekuwa akitamka maneno kisha yakampotea, huyo asingojewe. Apelekwe kwa daktari upesi, wala tusikimbilie kusema kuwa ana kijicho.

La nne ni "deteriorate", alipendalo mwalimu katika ripoti. Shina lake la Kilatini ni neno la kulinganisha: mbaya zaidi. Na kila penye "zaidi" pana swali: zaidi ya lini? Mzazi asimpokee mtoto kwa bakora kabla ya kumuuliza mwalimu ni somo gani, na ni tangu muhula upi. Huenda jibu likawa ni macho yasiyoona ubao, au mabadiliko nyumbani ambayo sisi wakubwa ndio tuliyoyaleta.

La tano ni "degenerate". Likisemwa juu ya mtu ni tusi zito, maana asili yake ni kuporomoka kutoka katika nasaba njema. Lakini mzazi akipigwa picha ya goti au ya uti wa mgongo, ikaandikwa kuwa pana mabadiliko ya "degenerative", hapana tusi hapo. Ni kuchakaa kwa viungo, jambo la kawaida kwa watu wa umri mkubwa. Lina maumivu yake na lina matunzo yake.

Limebaki "ebb", ambalo sisi wa pwani tunalielewa kuliko wengi. Ni kupwa kwa maji. Waingereza hulitumia pia kwa nguvu, mali na matumaini. Mvuvi ayaonaye maji yakipwa haombolezi, kwa kuwa anazijua saa za kujaa. Hutengeneza nyavu na kukwangua chombo chake. Hata hivyo, si kila kinachopungua ni maji ya bahari. Goti lililochakaa halingojewi lijae, wala mtoto aliyepoteza maneno.

Kwa hivyo, barua ikija nyumbani, isomwe neno kwa neno mbele ya watu wazima wa nyumba. Neno lisilofahamika lipigiwe mstari, liulizwe kwa aliyeliandika. Kuuliza si aibu. Daktari na mwalimu ni wajibu wao kueleza kwa lugha tunayoifahamu, nasi ni haki yetu kuondoka pale tukiwa tumeelewa.

Wabillahi tawfiq.