TUJUE MIILI YETU: Mfupa wa mkono wa juu

Mwezi huu tumechagua mfupa mmoja tu, ule unaotoka begani mpaka kiwiko. Wataalamu wanauita humerasi.

Sisi wa Mocímboa da Praia mfupa huu tumeutumia kabla ya kulijua jina lake. Wengi tulitoka kule baada ya mashambulizi ya Oktoba 2017 na yale ya Agosti 2020, makasia tukayaacha, lakini mchi na ndoo za maji bado tunazo. Mama akiinua mchi, anayenyanyua mkono ni msuli wa bega, ule mnene kama kofia. Umejishikiza upande wa nje wa mfupa, karibu nusu ya urefu wake. Weka kidole hapo, nyanyua mkono pembeni, utausikia unakaza. Kuushusha mchi, au kuvuta wavu, ni kazi ya misuli mikubwa ya kifua na ya mgongo, nayo imeshika mfupa huu huu, juu karibu na bega.

Na ule msuli vijana wanaopenda kuuonyesha? Haushiki humerasi hata kidogo! Juu umeshika bamba la bega, chini umeshika kigasha upande wa dole gumba. Humerasi unaupita tu. Aliyeshika ni mwenzake aliyejificha chini yake, na huyo ndiye mwenye nguvu zaidi ya kukunja kiwiko.

Sasa jambo la watoto. Akianguka mwembeni au mkoroshoni, mtoto hujikinga kwa mkono ulionyooka, na mara nyingi mfupa huvunjika juu kidogo ya kiwiko. Mbele ya hapo unapita mshipa mkubwa wa damu wa mkono, na mishipa ya fahamu iko jirani. Mfupa uliovunjika ukivutwa unaweza kuikata au kuibana.

Kwa hiyo jamani, msikande, msivute, msifunge kwa kukaza, hata kama bibi anajua kukanda vizuri. Mtundikieni mkono kwa kanga shingoni. Kama haukubali kukunjika, msiulazimishe, ushikilieni ulivyo. Mpelekeni kliniki. Vidole vikiwa baridi, kucha zikipauka, akishindwa kuchezesha vidole au maumivu yakizidi, msingoje asubuhi.

Mwezi ujao: kigasha na mifupa yake miwili.