Nafsineni Kizimbani

Kila anapotajwa Peter Lorre, yule mwigizaji mfupi wa macho makubwa na sauti ya kunong'ona aliyecheza nafasi ndogondogo katika filamu za Hollywood tangu miaka ya 1930 hadi kufa kwake mwaka 1964, hukumu huwa ni moja: alikuwa na kipaji kikubwa, akakitupa. Husemwa kwamba alianza na kazi isiyosahaulika, kisha akakubali kila alichopewa, mpaka akaishia kujicheza shere mwenyewe. Hukumu hii imezoeleka hata haidaiwi tena ushahidi. Mimi naipinga. Naipinga kwa kuwa inamtoza mtumishi deni la bwana wake. Na naipinga zaidi kwa kuwa kosa lililomo ndani yake ni kosa ambalo sisi wapenzi wa ushairi tunalifanya kila siku, wala hatulioni.

Tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa tarehe 26 Juni 1904 kwa jina la László Löwenstein, katika mji uliokuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria na ambao leo ni Ružomberok, nchini Slovakia. Alikuwa Myahudi. Alifanya kazi ya ukarani wa benki kwa muda mfupi huko Vienna, kisha akalifuata jukwaa. Mwaka 1931, mjini Berlin, alipata nafasi mbili zilizomtangaza. Bertolt Brecht alimpa nafasi ya Galy Gay katika tamthilia ya Mann ist Mann, kisa cha mchukuzi aliyetoka nyumbani kwenda kununua samaki, akaangukia mikononi mwa askari, nao wakamvua jina lake na kumvisha nafsi ya mtu mwingine. Na Fritz Lang alimpa nafasi ya Hans Beckert, muuaji wa watoto, katika filamu iitwayo M.

Karibu na mwisho wa filamu hiyo, wahalifu wa mji wanamkamata Beckert, wanamshusha chini ya kiwanda cha pombe kilichoachwa, na wanamfanyia mahakama yao wenyewe. Hapo ndipo Lorre anaposema. Macho yanamtoka, vidole vinajikunja kama makucha, na anaeleza jinsi anavyoandamwa na nafsi yake njiani, jinsi asivyoweza kuikimbia. Mtazamaji aliyekwisha mkatia hukumu ya kifo anajikuta ametega sikio. Huo ndio ufundi. Hakumtetea muuaji, alimpa ulimi.

Katika uhakiki wa ushairi wetu tunalo neno la jambo hili: nafsineni. Huyo ndiye "mimi" wa ndani ya shairi, ambaye mtunzi humwazima pumzi lakini si mtunzi. Mwanamume hutunga kwa sauti ya mwanamke aliyeachwa, na mcha Mungu hutunga kwa sauti ya mlevi. Beckert alikuwa nafsineni. Lorre alikuwa mwenye kumwazima pumzi, basi.

Sasa tazama alivyotendwa. Wanazi waliposhika dola mwaka 1933, Lorre alikimbia Ujerumani. Mwaka 1940 watawala hao walitoa filamu ya propaganda, Der ewige Jude, iliyoongozwa na Fritz Hippler, kwa makusudi ya kuwatia watu chuki dhidi ya Mayahudi. Ndani yake walikata kipande cha M, kile kile cha Beckert akijieleza, wakakipachika kama ushahidi: huyu hapa Myahudi, ndivyo walivyo. Maneno yale hakuyaandika Lorre. Mwandiko wa filamu ulikuwa wa Thea von Harbou pamoja na mumewe Lang. Na von Harbou alibaki Ujerumani, akajiunga na chama cha Wanazi. Maneno yaliyopita katika kalamu ya mwanachama wao yaligeuzwa kuwa ungamo la Myahudi aliyeyatamka. Wala tusiseme kwamba hawakuelewa fasihi. Walijua fika kuwa kile ni kiigizo. Walichohitaji ni sura, na sura walikuwa nayo.

Tumfuate mkimbizi. Mwaka 1934 Alfred Hitchcock alimpa kazi London katika The Man Who Knew Too Much. Kiingereza chake kilikuwa haba, kwa hiyo sehemu kubwa ya maneno yake aliyashika kwa sikio, sauti baada ya sauti, na filamu ilipotoka alikuwa ndiye wa kutazamwa. Mimi ni mfasiri niliyejifunza lugha bila mwalimu, na najua uzito wa kutamka kitu ambacho maana yake bado unaitafuta. Mtu anayeweza kuitia hofu na kejeli katika maneno asiyoyamiliki hapungukiwi kitu cha kumfanya akabidhiwe kazi yoyote.

Hollywood ilimkabidhi nini? Kwanza ilimpa daktari mwenye wazimu katika Mad Love na Raskolnikov katika Crime and Punishment, zote za mwaka 1935. Kisha, kati ya 1937 na 1939, ilimchezesha Mr. Moto, Mjapani mpelelezi, katika filamu nane. Myahudi wa Ulaya ya Kati akawa Mjapani! Kwa wenye studio mgeni alikuwa mgeni tu. Lafudhi ikiwa si ya kwao, mambo yameisha. Katika hili Lorre naye ana lake la kujibu, maana kiti kile alikikalia yeye na Mjapani hakukipata. Simfutii. Lakini aliyekipanga kiti ni mwengine.

Sisi tuliokulia katika majumba ya senema tulifundishwa kuigawa dunia mafungu mawili: stelingi na jambazi. Stelingi hafi, na jambazi hujulikana kwa sura kabla hajafungua kinywa. Mwaka 1941 Lorre alikuwa Joel Cairo katika The Maltese Falcon. Mwaka 1942 alikuwa Ugarte katika Casablanca, muuza hati za safari kwa wakimbizi, anayeonekana kwa dakika chache, anakamatwa na kufa. Na filamu nzima iliyobaki inazunguka juu ya hati alizoziacha. Stelingi katika zote mbili alikuwa Humphrey Bogart. Humo humo ndani ya Casablanca, Conrad Veidt, ambaye naye aliikimbia Ujerumani ya Wanazi, alicheza meja wa Kinazi. Waliofukuzwa walipewa kazi ya kuwaigiza waliowafukuza.

Sitaki kulinganisha visivyolingana. Filamu ya Berlin ilikuwa ikiandaa njia ya mauaji. Hollywood ilikuwa ikitafuta fedha. Lakini pote pawili mtu alisomwa kwa uso na lafudhi, na alichokiigiza kikahesabiwa kuwa ndiye. Katika miaka ya 1940 wachora katuni wa Warner Bros. waliichukua sauti yake na macho yake wakayafanya kichekesho, kiasi kwamba watoto walimcheka Lorre kabla ya kujua kwamba yupo.

Nitajibiwa: alilipwa, na hakuna aliyemshika mkono. Ni kweli alilipwa. Ni kweli pia kwamba mwaka 1949 alitangaza kufilisika, na kwamba kwa miaka mingi aliteswa na mofini, dawa iliyomwingia kwa njia ya matibabu. Mwenye kuchagua katika vitu viwili vinavyofanana hajachagua. Lakini jawabu langu kubwa si hilo. Jawabu langu ni filamu ya mwaka 1951.

Mwaka huo Lorre alikuwa amerudi Ujerumani, akaongoza filamu moja tu ya maisha yake, Der Verlorene, yaani Aliyepotea. Alishiriki kuiandika, na yeye ndiye mhusika wake mkuu. Anacheza Daktari Rothe, mtafiti mjini Hamburg wakati wa vita, anayemuua mchumba wake. Na kwa kuwa utafiti wake una manufaa kwa dola, dola inalifunika kosa na kumrudisha kazini. Baada ya vita anatibu watu katika kambi ya wakimbizi, na kosa lile halimwachi. Uso wa muuaji ambao Wanazi walimbandika, Lorre aliuvaa kwa hiari yake na kuigeuzia nchi iliyoua: mnamjua huyu? Aliyemficha ni nani? Watazamaji wa Ujerumani ya wakati ule hawakutaka kuulizwa. Filamu haikupata watu, naye akarudi Marekani, akapokea kilichokuwapo: vichekesho vya kutisha vya Roger Corman mwaka 1962 na 1963, na mengineyo, mpaka alipofariki tarehe 23 Machi 1964, akiwa na umri wa miaka 59. Huyu ndiye asemwaye kwamba alikitupa kipaji chake. Alikiandalia meza, na walioalikwa hawakuja.

Nimesema kosa hili ni letu pia. Mtunzi wa kike akitunga shairi la mke aliyemchoka mume, jioni hiyo hiyo majirani humpelekea mumewe pole. Kijana akitunga kwa sauti ya mzinifu, barazani huulizwa jina la mwanamke. Hatumhoji nafsineni amesema nini na kwa mizani gani, tunamkamata mtunzi. Matokeo yake watunzi wetu wengi hujifunza kusema kwa sauti zisizoweza kuwaletea balaa, na ushairi unajaa waja wema wasio na kiu wala hasira. Tena tuna mtindo wa pili, ambao ni ule ule wa studio. Mtu akitunga vizuri shairi moja la harusi, tunamwagiza ya harusi kwa miaka thelathini. Akileta la msiba tunamwambia si fani yake. Kisha akizeeka tunasema hana jipya.

Kwa hiyo naomba hukumu juu ya Peter Lorre irudishwe kwa waliyoiandika. Anayetaka kumhukumu aitazame M, kisha aitazame Der Verlorene, na ajiulize nani alikataa kuona nini katika miaka ishirini iliyopo baina ya filamu hizo mbili. Atakayekuwa ameziona zote na bado akasema mtu huyu alikitupa kipaji chake, nafasi ya kunijibu iko katika kurasa hizi hizi, na nitamsoma.