Mgeni Aliyenyimwa Jembe: Familia za Wakimbizi Kigoma na Dhamiri Yetu

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 ili kuzipokea familia zilizovuka Ziwa Tanganyika zikikimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 waliongezeka Warundi waliokimbia machafuko yaliyozuka baada ya Rais Pierre Nkurunziza kuwania muhula wa tatu. Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka ule wa kwanza leo ni mtu mzima, na pengine analea watoto ambao nao hawajaiona nchi inayoitwa yao.

Wapendwa waamini, tunapowazungumzia ndugu hawa, hatukawii kuitaja methali tuliyorithi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi tunaitumia kusema kwamba wamekaa mno, sasa waende. Lakini methali haisemi mgeni afukuzwe, bali apewe jembe, na jembe ndilo familia hizi zilichokosa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka waishi katika maeneo yaliyotengwa, wasitoke pasipo kibali. Baba asiyeweza kulima wala kuchuuza nje ya kambi husubiri mgao wa chakula, nao umepunguzwa zaidi ya mara moja kwa uhaba wa fedha za wafadhili. Kisha tunamwita mvivu.

Haikuwa hivyo daima. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima, wakajitegemea, na miongo minne baadaye zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao walipewa uraia wa Tanzania.

Hatusemi kwamba mzigo ni mwepesi. Wananchi wa Kasulu na Kibondo wameona misitu ikikatwa kwa ajili ya kuni, na Serikali ina wajibu halali wa kulinda usalama wa raia. Hata hivyo, uchovu wa mwenyeji si kipimo cha amani ya kule alikotoka mgeni.

Hapa Injili ya Mathayo inatuangazia. Sura yake ya pili tumezoea kuisoma kama habari ya kukimbilia Misri, tukasahau kwamba inasimulia pia safari ya kurudi. Mtakatifu Yosefu alirudi Herode alipokwisha kufa. Na hata hapo, aliposikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi, aliogopa, akaipeleka familia yake Galilaya. Alizipima habari za nchi yake kabla ya kumpeleka Mtoto na Mama yake mahali pa kuishi. Familia hiyo ndiyo Papa Pius XII, katika hati yake Exsul Familia ya mwaka 1952, aliyoiweka kuwa kielelezo cha kila familia ya wakimbizi.

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao Tanzania imeuridhia, unakubaliana na busara hiyo: mkimbizi asirudishwe pasipo hiari yake. Anayeondoka kwa kusukumwa na njaa au vitisho hajaondoka kwa hiari. Tangu mwaka 2017 Warundi wengi wamerejea kwao kwa mpango wa kurudi kwa hiari, nasi twamshukuru Mungu kwa kila familia iliyorudi kwa moyo radhi. Lakini Mkongo ataambiwa arudi wapi, ikiwa Goma na Bukavu zilitekwa na waasi wa M23 mapema mwaka 2025?

Basi, waamini walio katika uongozi wa umma watetee sheria inayompa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi halali. Sisi sote tuchunge ndimi zetu, tusieneze maneno ya kuwadhalilisha. Na katika sala za jumuiya ndogo ndogo tuziombee familia hizi, ili siku ya kurudi ije kwa sababu amani imefika kwao.