Staa Kaumbuliwa na Sisimizi, Ila Aliyeumia ni Fundi wa Kigari

Wadau wa mjini mnaikumbuka ile picha. Staa mmoja mkubwa wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaposti gari jekundu lenye boneti jeusi, tope hadi milangoni, jua la jioni linapiga kwenye kioo cha mbele. Kapsheni fupi tu: "Mzee kaingia mjini." Ndani ya saa moja komenti zikawa zinamiminika, makopa kama yote, na mastaa wenzake wanaomba lifti.

Halafu dada mmoja akazumu. Pembeni ya tairi la nyuma kulikuwa na sisimizi. Sisimizi mwenye ukubwa wa paka.

Kilichofuata kila mtu anakijua. Posti ilifutwa usiku uleule, na kesho yake menejimenti ikasema ilikuwa "sehemu ya projekti inayokuja". Haya bwana.

Gari lile lilikuwa modeli ya plastiki, skeli ya 1:24, urefu kama sentimita 17 hivi. Kwa wengi stori iliishia hapo: staa feki, gari feki, watu wakacheka wakalala. Lakini mtu aliyeishia hapo kacheka nusu tu ya stori, tena ile nusu isiyo na maana.

Maana gari lenyewe si la kuchekwa. Ile ni Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann. Nafasi ya pili ilikwenda kwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta akarudi na 240Z, akamaliza akiwa na pointi za adhabu sawasawa na Harry Källström wa Sweden aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, na ushindi akapewa Mehta. Jamaa alikuja kuichukua Safari mara tano jumla. Na wale wanaodhani haya ni mambo ya Wakenya peke yao, mashindano yalianza 1953 yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1972 magari yaliondokea hapahapa Dar es Salaam. Waulizeni wazee wenu. Enzi hizo hakuna cha barabara kufungwa: ni vumbi, mvua za Pasaka, mabasi na ng'ombe humohumo.

Kwa hiyo kwenye kuchagua, staa apewe maua yake. Wenzake wanakodi magari ya watu kwa masaa mawili ya video, wanabandika plate namba zenye majina yao, jioni wanarudisha. Yeye kachagua gari lenye historia ya huku kwetu.

Tatizo linaanza kwa aliyelijenga. Kwa mujibu wa watu wa karibu, ni dogo mmoja wa Mbagala, na kazi ilimchukua miezi mitatu. Anayedhani boksi likifika kutoka Japan ni kubandika na gundi basi, hajawahi kugusa. Vipande vinakatwa kimoja kimoja kutoka kwenye fremu, vinapigwa msasa, praima, halafu rangi tabaka jembamba jembamba maana ikizidi kidogo inaziba mistari ya milango. Stika zinaloweshwa kwenye maji, zinatelezeshwa kwa brashi hadi zikae. Ikikunjika ile ya mlangoni, pole yako.

Na hapo unapata gari jipya la dukani, wakati gari lililotoka Safari halikuwa jipya. Lilikuwa limebonyea, limechubuka. Dogo alikwangua plastiki kwa ndani hadi ikawa nyembamba, akaibonyeza kwa kijiko cha moto akifuatisha picha za zamani. Tope lile ni udongo mwekundu uliochujwa kwa soksi ya nailoni, ukachanganywa na gundi nyeupe na maji kidogo.

Sasa sikieni hii. Inasemekana kabla ya kukabidhiwa, staa alitaka gari lisafishwe. "Chafu sana, halina picha." Dogo akagoma. Haya, niambieni, ni nini kilichowafanya watu wote wale waombe lifti? Ni tope! Modeli inayong'aa inajishtaki yenyewe, maana mng'ao wa rangi kwenye kitu kidogo unakuwa mkubwa kupita kiasi. Bila ule ubishi wa dogo, picha isingedumu hata dakika tano.

Malipo? Makubaliano laki nne, mkononi ilifika laki moja na nusu, iliyobaki akaambiwa "tutakupa promo". Promo ipi? Hakutajwa, hakutagiwa, na posti ilipofutwa hata hiyo promo ya kimyakimya ikafutwa nayo. Huu mchezo mafundi wa mjini wanaujua, kuanzia wapiga picha hadi washona nguo za jukwaani. Promo hailipi kodi ya chumba.

Kuna waliokomenti kwamba mtu mzima kucheza na vigari ni utoto. Hao hao walikua wanatengeneza gari la waya, matairi ya malapa, na wengine walikuwa wanagombana mtaani nani gari lake lina usukani unaokata kona kweli. Mchora majahazi wa kuuzia watalii anaitwa msanii bila mtu kuuliza umri wake. Huyu wa Datsun kakosa nini?

Kosa la staa si kumiliki modeli. Angeposti kile kigari kikiwa juu ya kiganja cha dogo, na jina lake pale chini, makopa yangekuwa yaleyale na sisimizi asingekuwa na kesi.

Kwa sasa kigari kiko kwenye kabati la sebuleni kwa staa. Dogo ameshaanza kingine, Volvo PV544 aliyoshindia Joginder Singh mwaka 1965, na safari hii hana oda ya mtu. Laki mbili na nusu bado haijaonekana, na menejimenti huwa inapita humu kusoma.

Wadau, mngekuwa nyie ndio dogo, mngemuanika staa au mngekausha? Dondosheni komenti.