Muuguzi naye anahitaji wa kumpokea

Naanza na kosa langu mwenyewe, kusudi msidhani naandika nikiwa na mikono safi. Usiku mmoja, hapa kwetu Manono, nilimtukana muuguzi mbele ya wagonjwa wake.

Baba yangu mdogo ndiye alikuwa kitandani. Alichimba kasiterite tangu ujana wake, akatwanga mawe makavu mwaka kwa mwaka, hakuna maji ya kutuliza vumbi, hakuna kitu cha kufunika pua isipokuwa kitambaa. Mwishoni mapafu yakakataa. Hakuweza tena kulala chali. Alikuwa anakaa wima usiku kucha, mikono juu ya magoti, anatafuta hewa sawa vile samaki aliyetolewa ziwani. Nilimwita muuguzi. Akaja, akamwangalia, akanivuta pembeni, akasema pole pole: “Papa, dawa ya kumrudishia pumzi haiko.”

Nikapaza sauti. Nikamwambia: “Wewe hauna roho! Ulizoea wafu!” Watu wote wakasikia. Hakunijibu neno. Alichukua mfuko wa nguo za mzee, akauweka nyuma ya mgongo wake kusudi akae vizuri, akafungua dirisha, akamshika mkono. Hazikupita dakika tano, akaitwa kwa kitanda kingine.

Mzee alituacha kabla ya kucha. Nilipotoka nje kwenda kuamsha jamaa, nikamkuta yule mama nyuma ya jengo, kwenye ndoo ya maji. Ananawa mikono. Mikono ilikuwa imeshatakata zamani, lakini alikuwa ananawa tu, bila kuacha. Akasema bila kuniangalia: “Huyu ni wa tatu juma hili, Papa. Na kila mmoja, jamaa yake inaniuliza juu ya nini nilimwacha afe.”

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wa wachimbaji, maneno hayo sijayatua mpaka leo. Ndiyo sababu naandika.

Sisi watu wa mgodi tuko na desturi ambazo hakuna aliyetuandikia. Mtu hashuki shimoni peke yake. Mtu akimaliza posti, mwenzake anampokea. Na kama wa kumpokea hakufika, shefu wa ekipi anauliza. Na shimo likiporomoka, yule aliyeingiza mikono yake kutoa maiti ya mwenzake, hatumrudishi chini siku ile. Anakaa. Anapewa maji. Watu wanakaa karibu naye, hata kama hawasemi kitu. Hakuna anayesema huyo ni mwoga. Tunajua kwamba jicho lililoona maiti, mkono wake unatetemeka, na mkono unaotetemeka unaweza kuua wengine.

Sasa niulize: muuguzi anayefunga macho ya wazee wetu, nani anampokea? Anafunga macho ya mmoja, anafunika shuka, anaita jamaa, anasikia kilio, halafu dakika ile ile anaenda kuchoma mtoto sindano. Posti inaisha, mwenzake hakuja, anaendelea. Kesho yake anarudi. Mwezi unaisha. Wako wengi katika nchi yetu ambao hawana hata matrikili ya Serikali, wanaishi na primu inayokuja ikitaka, ao na kile kidogo wagonjwa wanaacha. Anafika nyumbani, watoto wake wanataka bukari, bwana wake anauliza juu ya nini uso umefungwa.

Huo uchovu uko na jina. Wafaransa wanaita burn-out, ni kusema mtu aliyeungua kwa ndani. Shirika la Afya la Dunia liliuingiza mwaka 2019 katika orodha yake ya magonjwa na mambo ya afya, na likasema wazi kwamba ni jambo linalotoka kwa kazi. Alama zake ni tatu. Ya kwanza, nguvu zinaisha hata mtu akilala. Ya pili, moyo unajitenga na kazi: mtu aliyekuwa mpole anaanza kujibu vibaya, anapita kando ya kitanda kama hakuona. Ya tatu, anaanza kuona kwamba kazi yake haina faida tena.

Angalieni ile alama ya pili. Mara ngapi tumesema kwa hopitali, “huyu muuguzi iko na kiburi”? Wengine wako na kiburi kweli, sitadanganya. Lakini wengine, kile tunachoita kiburi ni kovu. Mtu anafunga moyo kusudi usipasuke. Ni kama mkono wa mchimbaji: ngozi inakuwa ngumu juu ya sururu, lakini haina maana mtu yule alizaliwa na mikono ya mawe.

Nimeuliza wauguzi kadhaa nini kinawavunja zaidi. Nilidhani watasema kifo. Hapana. Kifo walikijua tangu shule. Walisema mambo mengine: kusimama mbele ya maumivu na mikono mitupu, kubaki wawili kwa chumba kizima cha wagonjwa, na kupokea hasira ya jamaa iliyopaswa kuenda kwingine. Mmoja aliniambia: “Mugonjwa akikufa bila kulia, mi naenda nyumbani nalala. Akikufa analia, minamusikia mpaka asubui.”

Neno hilo linafungua mlango. Maana yake ni kwamba ukimpa muuguzi kitu cha kutuliza mgonjwa, umemponya na muuguzi.

Na si ndoto. Hapa Afrika yetu, Nairobi ilipata hospisi yake mwaka 1990. Hospisi ni kazi ya kutunza mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena, kusudi siku zinazobaki zisiwe mateso. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda kule Kampala. Walifanya kitu rahisi: morfini ya maji, inayonywewa kwa mdomo, bei yake ndogo, na wauguzi wanaotembea mpaka nyumba kwa nyumba. Mwaka 2004 Uganda ikaandika katika sheria kwamba muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo anaweza mwenyewe kuandika morfini. Hakuna haja ya kungoja daktari ambaye hayuko kijijini. Dawa hiyo iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya la Dunia. Tena kwa kipimo kidogo, na mikononi mwa mtu anayeijua, haitulizi maumivu tu. Inapunguza pia ile hofu ya mtu anayekosa hewa. Baba yangu mdogo hakuhitaji muujiza usiku ule. Alihitaji matone kadhaa na mtu wa kukaa naye.

Mtaniuliza: wewe mtu wa sendika ya mgodi, mambo ya wauguzi yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu wanaokufa vile ni watu wangu. Vumbi la mawe yetu liko na kwarzi ndani. Linaingia pafu, linaacha makovu, pafu linakuwa gumu. Ndiyo silikosi. Hakuna dawa inayorudisha pafu lile, na mwenye silikosi kifua kikuu kinamshika kwa urahisi zaidi. Mchimbaji mdogo hana kitabu cha CNSS, hana pansheni, hana daktari wa kampuni. Kampuni ya zamani ilienda, mnunuzi wa mawe alienda na mawe. Anayebaki na deni ni muuguzi. Yeye analipa kwa usingizi wake deni ambalo hakulikopa.

Na kuna mwingine tunayemsahau kabisa: gadi-maladi. Mama, ao binti wa miaka 15 aliyeacha shule, analala chini ya kitanda cha mgonjwa, anapika, anafua, anabeba baba yake mpaka choo. Huyo hana hata jina la kazi. Naye anaungua kwa ndani, na siku ya matanga watu wanamwambia tu, “jikaze”.

Basi tufanye nini? Nitasema yale ambayo hayangojei mtu wa Kalemie ao Kinshasa, halafu yale ya kudai.

Kwanza, sisi jamaa. Mgonjwa akiwa wa muda mrefu, tupange zamu sawa vile kwa mgodi: leo binti, kesho kaka, kesho kutwa mke wa kaka. Wanaume nao waingie katika zamu. Mikono inayoinua gunia la mawe inashindwaje kuinua mzee? Tena tuchague mtu mmoja wa kuongea na muuguzi, kusudi asielezwe na kuulizwa na watu kumi, kila mmoja na sauti yake. Na hasira ikitupanda, tutoke nje kwanza. Kisha, mzishi akipita, mmoja wetu arudi kwa hopitali kusema asante. Muuguzi wetu anaona watu wanaingia na wanatoka. Ni wachache sana wanaorudi.

Pili, wauguzi wenyewe. Sitawafundisha kazi, lakini nawaambia kama mwenzenu. Dakika kumi mwisho wa posti, mkae pamoja, mtaje waliokufa, kila mmoja aseme kilichomlemea, bila shefu kuandika kitu. Sisi tunafanya vile baada ya msiba wa shimo, na inasaidia. Aliyefunga macho ya mtu usiku ule, mwenzake achukue kitanda kinachofuata. Na mwenye kushindwa kulala juma zima, mwenye kulia bila sababu ama kuanza kutafuta pombe kila jioni, aseme mapema. Kunyamaza si ujasiri. Nimezika wanaume wengi waliokuwa wajasiri vile.

Tatu, ya kudai. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaomba kampuni inayochimba kutoa si chini ya 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa mahali, na kuandika ahadi zake katika lile daftari linaloitwa cahier des charges. Leo Manono dunia nzima inaimba lithium yetu. Watakuja kutuuliza tunataka nini. Najua tutakachosema: shule, barabara, umeme. Ni vizuri. Wazee wa Géomines na Zaïrétain wanakumbuka umeme wa Piana-Mwanga, na hakuna anayetaka kuendelea kukaa gizani. Lakini jengo jipya la hopitali lenye rangi nzuri, na ndani wauguzi wawili wa usiku wasiolipwa, ni jeneza lenye madirisha. Tuombe waandike pia watu: wauguzi wa kutosha kwa posti ya usiku, mafunzo ya kutunza wasiopona, dawa ya maumivu yenye kulindwa vizuri, na baiskeli ao pikipiki ya kumfikia mgonjwa aliye kijijini. Na sisi wa sendika, siku ya kukaa mezani, tumlete muuguzi mmoja akae karibu nasi, aongee kwa kinywa chake.

Kuna wanaosema: “Kazi hiyo walijichagulia. Na mbona wengine wanaomba makuta kabla ya kugusa mgonjwa?” Hilo la makuta ni kweli, limenipata na mimi, na ni baya. Siwatetei. Lakini sisi nasi tulijichagulia mgodi. Je, ndiyo sababu ya kutuacha chini shimo likianguka? Na mtu unayemwacha bila mshahara, ukija kumdai moyo wa mtakatifu, unamdai kitu ambacho wewe mwenyewe ungeshindwa kukitoa. Tudai mshahara wao pamoja nao, halafu tutakuwa na uso wa kukataa rushwa.

Baada ya matanga nilirudi kwa yule mama. Nilibeba kuku mmoja na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilipomfikia, maneno yote yakapotea, nikasema tu: “Mama Muganga, unisamehe kwa yale ya usiku ule.” Aliangalia kuku, akacheka kidogo. Halafu akaniuliza: “Na mama mjane, analala?”

Yeye ndiye aliyekuwa hajalala, na bado aliuliza juu ya mwingine. Sisi tuliobaki tumuulize yeye. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na muuguzi mmoja, hata akiwa na roho ya dhahabu, hawezi kubeba peke yake vifo vya mji mzima wa wachimbaji.